Gesi ya Songo Songo na Jiko la Runzewe

Wapo watendaji wanaodhani kwamba mtungi wa gesi ukifika Runzewe, gesi ya Taifa imekwisha kufika. Dhana hiyo ni potofu, na mtumishi wa umma anayeirudia mbele ya wananchi anawapotosha.

Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982. Sehemu yake kubwa ni methani, isiyogeuka kimiminika kwa kushindiliwa tu. Sharti ipozwe hadi nyuzi 162 chini ya sifuri. Gesi ya mtungi wa jikoni ni nyingine kabisa. Hiyo ni propani na butani, huletwa kwa meli kutoka ng'ambo, bei yake hupangwa na soko la dunia, na mpishi wa Bukombe hulipa juu yake nauli ya lori.

Je, wananchi wa Runzewe hawana haki katika gesi yao? Wanayo, lakini njia yake si mtungi. Bomba lililokamilika mwaka 2015 huishia Dar es Salaam. Huko gesi huendesha mitambo ya Ubungo na Kinyerezi, na umeme wake huingia gridi ya Taifa. Kwa hiyo gesi ya Songo Songo humfikia mwananchi wa Runzewe kwa waya.

Serikali imekwisha kuzitaka taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 ziache kuni na mkaa, na mkakati wa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Lengo hilo ni jema. Lakini mwalimu mkuu asiye na umeme wa kutegemewa, wala fungu la kununulia sufuria za umeme, ataendelea kuagiza kuni. Kumlaumu yeye ni kumwonea.

Bukombe, iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga hadi mwaka 2012, haihitaji kufundishwa gharama ya kukata miti. Mradi wa HASHI ulianza mwaka 1986 kwa sababu ardhi ya mkoa ilikuwa imekwisha kuwa uchi, na kuirudishia ngitili zake kulichukua miaka mingi. Leo msitu uliobaki unagombewa na mashimo ya dhahabu, mabani ya tumbaku na majiko ya shule.

Wanaopanga bajeti za wilaya waache kuhesabu mitungi iliyogawiwa. Wahesabu majiko ya shule yaliyounganishwa umeme. Hapo ndipo gesi ya Taifa itakapokuwa imefika Runzewe.