Neno la Mhariri: Jani Zima Lina Bei

Kwenye korona, mashine ya kuchakata mkonge, jani huingia zima, likapondwa na kuchapwa, na upande wa pili zikatoka singa ndefu zinazochuruzika maji, tayari kwa kuanikwa. Singa hizo ni takribani asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Nyama na utomvu huishia kwenye mfereji wa taka. Huko huoza na kutoa methani, gesi inayozidisha joto la dunia. Na taka hizo zikifika mtoni, humaliza oksijeni wanayoitegemea samaki.

Hale, mkoani Tanga, kampuni ya Katani ilishaonyesha njia nyingine, kwa kushirikiana na UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda. Taka za korona huingizwa kwenye tangi lisilopitisha hewa, bakteria wakazimeng'enya, bayogesi ikaendesha jenereta ya umeme. Tope linalobaki ni mbolea.

Toleo hili linahusu biorifaineri, viwanda vinavyokwenda mbali zaidi ya hapo kwa kuichambua malighafi kabla ya kuifanya nishati. Utomvu wa mkonge una hekojenini, inayotumika kutengenezea dawa za steroidi. Una pia inulini, ambayo ikivunjwavunjwa hutoa sukari ya kuchachusha ethanoli. Kinachosalia ndicho cha kupeleka kwenye tangi la gesi, kisha shambani. Msimamo wetu ni huu: kemikali kwanza, nishati baadaye, mbolea mwisho. Anayeanza na moto huteketeza cha thamani ili apate cha bei ya chini.

Wapo wanaosema mitambo hiyo ni ghali mno kwetu. Ni ghali kweli, lakini kutegemea bidhaa moja kumetugharimu zaidi. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha takribani tani 230,000 za singa. Nyuzi za plastiki zilipoteka soko, bei iliporomoka, korona zikafungwa na mashamba yakageuka vichaka. Hatukuwa na kingine cha kuuza kutoka kwenye jani lile lile.

Leo mkonge unapandwa tena kwa kasi, safari hii na wakulima wadogo pia. Tunataka kila mkopo wa korona mpya uambatane na mpango wa kutumia mabaki, na kila mkataba wa mkulima umpe fungu katika mapato ya mabaki hayo. Mkulima hupalilia na kukata jani zima. Alipwe jani zima.