Mkutano Usio na Kazi na Kazi Isiyo na Mkutano

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu niwaeleze ndugu wanachama fikira zangu juu ya jambo linaloonekana dogo, nalo lina uzito kuliko wengi wanavyodhani, yaani mikutano ya kila juma ya vyama vinavyojitolea kuwatumikia watu wa mji. Mara nyingi barazani nasikia makarani wenzangu wakinung'unika: "Mikutano imezidi. Kila juma twaitwa, kila juma twasomewa yale yale. Afadhali tukutane penye haja tu. Habari nyingine tupelekeane kwa simu." Maneno haya ni matamu, na mimi mwenyewe niliwahi kuyasema mbele ya watu. Leo nimeshika kalamu kuyapinga, nami sitaficha hasara niliyoileta kwa ulimi wangu.

Kwanza tutazame chama kimoja ambacho desturi yake ya mikutano yajulikana katika nchi nyingi, nacho ni Rotary. Jioni ya tarehe 23 Februari 1905, katika mji wa Chicago, Marekani, watu wanne walikutana katika chumba cha 711 cha jumba lililoitwa Unity Building. Paul Harris alikuwa mwanasheria. Silvester Schiele alikuwa mfanya biashara ya makaa ya mawe. Gustavus Loehr, mwenye ofisi ile, alikuwa mhandisi wa migodi. Na Hiram Shorey alikuwa mshona nguo. Harris alikulia katika mji mdogo ambako watu wote hujuana, na katika mji ule mkubwa alikuwa na wateja wengi na rafiki wachache. Wakapatana wakutane kwa zamu, leo ofisini kwa huyu, siku nyingine ofisini kwa yule. Na katika mzunguko huo ndimo jina la Rotary lilimotoka.

Ndugu wasomaji, msidhani kwamba watu hao walianza kwa nia ya kumtumikia mtu. La. Walitaka urafiki, tena walitaka kufaana katika biashara zao, huyu anunue makaa kwa yule, na yule ashonewe koti na huyu. Lakini watu wakizoea kukaa pamoja siku moja iliyowekwa, hatimaye huulizana, "Je, nje ya mlango huu kuna nini?" Kuanzia mwaka 1907 wakaungana na wenyeji wengine kudai vyoo vya watu wote katikati ya mji wa Chicago. Yuko atakayecheka kusikia kwamba chama kikubwa kilianza utumishi wake kwa vyoo. Mimi sicheki. Mtu aliyepata kusimama mjini kutwa nzima pasipo mahali pa kujisitiri ajua kwamba haja ile ni ya kweli.

Chama hicho kilifika Nairobi mwaka 1930, na Dar es Salaam mwaka 1949. Taratibu ya mkutano wake si siri. Kengele hupigwa kwa saa iliyowekwa, wageni hutajwa majina na kukaribishwa, kamati huleta habari za kazi zao, mtu aliyealikwa husema juu ya jambo lenye faida, na kengele hupigwa tena watu waende zao. Katika vilabu vingi yupo msimamizi wa utaratibu mwenye ruhusa ya kuwatoza wanachama faini ndogo kwa mzaha, kama vile aliyechelewa au aliyesahau kuvaa beji yake, na senti hizo huingia katika mfuko wa kazi. Kwa miaka mingi kanuni ilikuwa kali: aliyekosa mikutano minne mfululizo pasipo udhuru aliweza kuondolewa katika chama; naye aliyekuwa safarini aliweza kuhudhuria katika klabu ya mji aliofikia, akahesabiwa kuwa amehudhuria kwao.

Sisemi kwamba chama hicho hakina lawama. Wengi wamekiita chama cha kula chakula cha mchana, na lawama hiyo mahali pengine ni ya haki. Tena kiliwafungia wanawake mlango hata mwaka 1989 kanuni ilipobadilishwa, baada ya shauri kufika mahakama kuu ya Marekani mwaka 1987. Kwa muda huo wote wanawake walikuwa wakiitumikia miji yao bila kupigiwa kengele. Basi sikitaji chama hiki kama mfano wa wema usio na doa. Nakitaja kwa sababu kimoja cha vitendo vyake kinaonyesha wazi faida ya kukutana kila juma.

Kitendo hicho ni vita vya kuondoa ugonjwa wa kupooza kwa watoto, yaani polio. Rotary ilianza kwa kuwachanja watoto wa nchi ya Filipino mwaka 1979. Mwaka 1985 ikatangaza kazi hiyo kwa dunia nzima. Na mwaka 1988 ikaungana na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na idara ya afya ya Marekani. Mwaka huo wa 1988 ilikisiwa kwamba watoto 350,000 walikuwa wakipoozeshwa kila mwaka, katika nchi zaidi ya 125. Tarehe 25 Agosti 2020 bara la Afrika lilitangazwa kuwa halina tena polio ya asili.

Msomaji ataniuliza, "Hayo yahusu nini mkutano wa kila juma?" Yahusu sana. Dawa ile ni matone mawili tu katika kinywa cha mtoto. Shida haikuwa tone. Shida ilikuwa kuhudhuria. Yatakiwa mtu awepo alfajiri penye sanduku la barafu, aende nyumba kwa nyumba, amtie mtoto wino kidoleni ili ijulikane kwamba amekwisha pata, kisha arudi tena baada ya majuma kadhaa, na mwaka ujao arudi vile vile, hata katika nyumba alikofukuzwa mara ya kwanza. Kazi ya namna hii haifanywi na watu wanaokutana penye haja tu. Hufanywa na watu ambao miguu yao imezoea kwenda mahali pale, siku ile, saa ile, wapende wasipende.

Tena ukilegea, adui hurudi. Mwaka 2022 polio ya asili ilionekana Malawi, na uchunguzi ukaonyesha kwamba mbegu yake ilitoka Pakistan. Mwaka huo huo ikaonekana Msumbiji. Ikabidi kuanza kupita tena nyumba kwa nyumba, hata katika nchi za jirani. Kama wachanjaji wangalisema mwaka 2020, "Kazi imekwisha, tuvunje kamati," ni nani angaliitwa?

Lakini ya nini kwenda mbali? Sisi watumishi wa serikali tuna mfano wetu wenyewe. Mwaka 1922, mjini Tanga, Martin Kayamba na wenzake walianzisha chama cha watumishi wa serikali Waafrika wa Tanganyika. Walikuwa makarani na walimu, watu wa daftari na chaki kama sisi. Hawakuwa na fedha nyingi, na mabwana zao hawakuwatazama kwa jicho la kicheko. Mwaka 1929 African Association ilipoanzishwa Dar es Salaam, miongoni mwa waasisi wake walikuwamo watumishi wa serikali; na katika ukoo wa chama hicho ndimo TANU ilimozaliwa mwaka 1954. Watu wengi hutaja siku kubwa za mwisho wakasahau jioni nyingi ndogo za mwanzo, ambazo mwenye kiti alifungua mkutano, mwandishi akasoma kumbukumbu, na mshika fedha akahesabu ada za watu waliolipa kwa taabu. Kazi ya karani ilikuwa msingi, nao msingi hauonekani nyumba ikiisha kujengwa.

Sasa nieleze kosa langu. Katika mji mmoja niliofanyia kazi tulikuwa na chama kidogo cha makarani, walimu na wauguzi. Tulikutana kila Jumamosi alasiri, chini ya mwembe wa shule. Kazi yetu moja ilikuwa kuangalia pampu ya mkono iliyokuwa penye zahanati, ambayo akina mama wa upande ule wote waliitegemea kwa maji. Mimi nilikuwa mwandishi. Miezi mingi pampu ilikuwa nzima, nami kila Jumamosi niliandika, "Pampu: hakuna neno." Nikachoka kuandika hivyo. Siku moja nikasimama nikasema, kwa maneno ya kupendeza, kwamba tunapoteza wakati, na kwamba ingetosha kukutana mara moja kwa mwezi. Wenzangu wakapiga makofi. Baada ya miezi michache mkutano wa mwezi nao ukawa mkutano wa penye haja.

Kisha mshika fedha wetu, mtu mwaminifu kabisa, akahamishwa ghafula kwenda wilaya nyingine. Hesabu alikuwa nazo kichwani, kwa kuwa hapakuwa na mkutano wa kuzisomea. Fedha alizikabidhi, walakini hakuna aliyeweza kusema nani amelipa na nani hajalipa, na kwa jambo hilo ndugu wawili waliokuwa wakila sahani moja wakaacha kuamkiana. Katika ugomvi huo kipande cha ngozi kilichomo ndani ya pampu kikalika, maji yakakoma. Bei ya ngozi ile haikufika hata ada ya mwanachama mmoja. Lakini mwuguzi alidhani mwalimu amekwisha arifu, mwalimu alidhani mimi najua, nami nilikuwa nikingoja haja iniite. Akina mama wakarudi mtoni kuteka maji kwa muda wa miezi minne. Siku nilipopita njia ile nikamkuta mzee mmoja na ndoo kichwani, akaniamkia kwa adabu kama zamani, kisha akaniuliza, "Mwanangu, wale wenzako wa Jumamosi wamehama wote?" Sikuwa na jibu.

Tangu siku ile nimefahamu kosa la neno hili "penye haja." Haja haipigi hodi mlangoni kwa karani. Haja hujulikana watu wakikaa pamoja na kuulizana, hata kama mara kumi jibu ni "hakuna neno." Neno hilo nililochoka kuliandika lilikuwa ndilo utumishi wenyewe, maana yake ni kwamba mtu amekwenda, ametazama, amerudi, na amesema mbele ya wenzake. Na simu hupeleka habari upesi, lakini haimwoni aliyenyamaza. Chini ya mwembe, mtu akiinamisha macho mambo ya fedha yanapotajwa, wote humwona.

Wako watakaonijibu kwamba hata Rotary mwaka 1916 si sawa na Rotary ya leo, kwani mwaka 2016 ililegeza kanuni, ikaziruhusu klabu zake kukutana mara mbili kwa mwezi badala ya kila juma. Ni kweli. Lakini angalieni, wamelegeza baada ya miaka 111 ya kujizoeza, na hata hivyo wameweka kiasi ambacho klabu haina ruhusa ya kukipunguza. Hawakusema "penye haja." Wala mimi sishikilii juma kama kwamba ni amri iliyoshuka kutoka mbinguni. Chama kikiona juma ni karibu mno, na kichague majuma mawili. Jambo la lazima ni siku ijulikane, wala isingoje mtu kuona haja.

Nawakubalia wanaonung'unika jambo moja. Mikutano mingine yachosha kwa haki. Watu huitwa saa kumi, mwenye kiti hufika saa kumi na moja. Hotuba ndefu, chai, kisha kwaherini. Mkutano wa namna hiyo ni kazi bure, na aliyeukimbia hana kosa. Lakini dawa ya mkutano mbaya ni kuutengeneza. Kwa hiyo nashauri mambo manne, ambayo karani yeyote ayaweza bila kuomba fedha kwa mtu. Kwanza, mkutano ufunguliwe kwa saa yake hata wakiwapo watu watatu, na ufungwe kwa saa yake. Pili, kumbukumbu za mkutano uliopita zisomwe, na kila aliyepewa kazi aitwe kwa jina aseme amefanya nini. Tatu, fedha zisomwe mbele ya wote kila mara, ziwe nyingi au ziwe shilingi tatu, ili mwaminifu alindwe na ulimi wa watu. Nne, mkutano usifungwe kabla ya kuandikwa angalau kazi moja ya kumfaa mtu asiye mwanachama, pamoja na jina la atakayeifanya na siku yake.

Hili la nne nalisisitiza. Chama kinachojitumikia chenyewe tu ni kama taa iliyofunikwa kwa kapu. Mafuta yaisha, na nyumba ni giza. Sisi makarani tumepewa kalamu, tumezoea saa, twajua kutunza daftari. Ofisini twavifanya vitu hivyo kwa ajili ya mshahara. Je, ni vigumu kuvifanya kwa saa moja ya Jumamosi kwa ajili ya jirani?

Ile pampu ilitengenezwa, nasi tukarudi chini ya mwembe. Ndugu wale wawili ilichukua mwaka kupatana. Nami nikaendelea kuandika kila Jumamosi, "Pampu: hakuna neno," wala sikuchoka tena.

Wasalaam,

Ni mimi mwanachama mwenzenu,
Mwandishi wa Zamani