Rudi Tena Ndio Uongee

Wasee, wacha niseme hii kitu na mkasirike tu: huwezi kuhukumu mkahawa kwa sahani moja na vidio ya sekunde 30. Hasa mkahawa mdogo. Hasa ule ambao chakula chake hukukulia.

Wiki iliyopita nimerudi kwa kile kimkahawa cha Wachina pale Kilimani, mara ya tano sasa. Meza sita, viti vya plastiki, menyu imebandikwa ukutani na selotepu. Wenyewe wametoka Guangdong, kusini mwa China, upande wa Guangzhou ambako wafanyabiashara wetu huenda kununua mzigo. Wanapika chakula cha nyumbani. Bakuli ya uji wa mchele ni 250, wali na mboga na yai ni 400.

Jamaa mmoja wa kontenti alipita hapo mara moja akatoa hukumu: hakuna ladha. Maoni yakamiminika, na bila shaka utani wa mbwa. Ati nyinyi, mnaokula samosa za stejini bila kuuliza ni nyama gani!

Tuongee ladha basi. Chakula cha Wakantoni sio kile cha Sichuan cha kuwasha mpaka masikio. Hawa wanataka usikie kitu chenyewe. Samaki anaiva kwa mvuke na tangawizi, juu anawekwa majani ya kitunguu, soya kidogo na mafuta moto. Mboga inaingia kwa maji yanayochemka, inatoka ikiwa bado kijani. Supu ya mifupa inakaa kwa moto masaa. Uji unachemka mpaka punje za mchele zinapasuka. Sasa wewe uliyelelewa na githeri ya chumvi, unapata wapi nguvu ya kusema hiyo sio ladha? Cucu akichemsha mifupa hivyo hivyo unaandika "utamu wa nyumbani". Mchina akichemsha, ni maji.

Lakini ulimi sio shida. Shida ni kazi yetu. Kontenti inalipa kelele, kwa hivyo kila mahali lazima pawe "noma kuliko zote Nairobi" ama takataka. Chakula cha kila siku hakina watazamaji. Halafu kuna wale wanaoingia simu mkononi wakiuliza kwanza kama watakula bure. Buda, kwa sahani ya 400, faida ni ngapi ndio ukatiwe?

Hoteli kubwa ikitukanwa ina mtu wa kuijibia. Hapa kuna mama anayepika, mzee wake, na madada wawili Wakenya ambao kodi ya nyumba yao inatoka kwa hizo meza sita. Baada ya ile vidio nilipita saa saba mchana nikakuta meza nne hazina mtu. Saa saba! Saa ya lanchi!

Utasema mteja ana haki ya kutopenda. Kabisa. Ukikuta mende, piga kelele siku hiyo hiyo. Na mimi nakwambia tambi zao za kukaanga zina mafuta mengi, usiagize. Lakini kusema "mimi sikupenda" na kusema "hakuna ladha" ni vitu viwili tofauti.

Supu ya hapo hubadilika kila siku na haijaandikwa ukutani, unauliza tu leo kuna gani. Hiyo nilijua mara ya tatu. Mtu wa mara moja hawezi kuijua, hata awe na wafuasi milioni.

Niliacha chuo mwaka wa pili, sina digrii ya chakula wala ya kitu kingine. Lakini hii haihitaji digrii: lipa bili yako, rudi mara mbili, uliza supu ya leo. Kisha washa kamera. Kama huna muda wa kurudi, basi huna maoni, una njaa tu.