Manowari Isiyo na Bandari

Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, watu hunywa kahawa asubuhi na jioni na kuisema vibaya Marekani. Sina ugomvi na jambo hilo. Kila baraza lina mazungumzo yake. Linalonichekesha ni kuwa pahala penyewe pamepewa jina la filamu ya Kimarekani, ile ya papa mla watu iliyotoka mwaka 1975. Mtu huketi chini ya jina la Hollywood, akashika kikombe chake, akatangaza kuwa michezo ya Hollywood yote ni takataka, na kwamba yeye hajapata kuitizama wala hatoitizama.

Nakiri kuwa nami nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa mkali khasa juu ya michezo ya namna mbili: ya wanajeshi, na ya dunia iliyokwisha. Basi mwaka 2021 mpwa wangu aliponiletea flashi yenye mchezo wa televisheni uitwao The Last Ship, ambao ni yote mawili kwa pamoja, nilimwambia kuwa amenitafutia adhabu. Akanijibu: "Mjomba, tizama sehemu mbili tu, halafu nitukane." Nikatizama mbili. Nikamaliza kumi za mwanzo kwa siku nne, na sikumtukana. Leo nataka kuwajibu wale wanaoendelea kutukana.

Kwanza nieleze kwa nini niliingia na moyo mzito. Mtu wa Unguja au Pemba hayatizami magwanda kama anavyoyatizama mtu wa California. Mwezi wa Januari 2001 watu wasiopungua thelathini waliuawa katika maandamano ya kupinga matokeo ya uchaguzi wa mwaka 2000, na wengine zaidi ya elfu mbili wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya, wakawa wakimbizi. Aliyeyaona hayo hahitaji kufundishwa kuwa bunduki ikikosa mwenye kuiuliza hugeuka dhulma. Nilidhani mchezo huu utaniambia kinyume: kwamba dunia ikiharibika, dawa yake ni mwanajeshi.

Sivyo ulivyo. Kisa chenyewe ni hiki. Manowari ya Kimarekani, Nathan James, imo katika bahari ya barafu kwa miezi minne, simu za upepo zimezimwa kwa amri. Ndani yake yumo daktari mtafiti, Rachel Scott, anayetafuta asili ya kirusi bila ya mabaharia kujua. Wanapofungua mawasiliano wanakuta maradhi yameshaenea dunia nzima, serikali zimeanguka, na hakuna wa kuwapa amri. Nahodha Tom Chandler anabaki na meli, watu mia mbili na zaidi, mafuta ya kuhesabu, na swali moja: kiapo nilichokula kwa dola kina thamani gani ikiwa dola yenyewe imekufa?

Mchezo ulianza kuonyeshwa Marekani mwezi wa Juni 2014 na ukamalizika mwaka 2018, misimu mitano. Umetokana na riwaya ya William Brinkley ya mwaka 1988, ambayo ndani yake dunia inaangamizwa na mabomu ya nyuklia. Watengenezaji wakaondoa bomu, wakaweka kirusi. Wakati ule baadhi ya watu waliona ni kichekesho. Miaka sita baadaye tulikuwa tumevaa barakoa.

Sasa niseme kilichonishangaza. Nahodha yule anapojua ukweli anawaambia watu wake. Hasubiri mpaka atulie, wala hasemi kuwa wataingiwa na hofu. Anawaeleza kuwa huko nyumbani hali ni mbaya kupita kiasi, na kila mmoja anakwenda kulia pembeni, kisha anarudi kazini. Niliitizama sehemu hiyo katika nchi ambayo takwimu za Korona zilisimama kutolewa mwisho wa Aprili 2020, zikakosekana kwa zaidi ya mwaka mzima. Tukawa tunahesabu maradhi kwa kuhesabu matanga. Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alifariki tarehe 17 Februari 2021, na ni chama chake ndicho kilichokuwa kimetangaza kwamba ameambukizwa. Ndugu yangu wa baraza, unaniambia mchezo wa Kimarekani hauna la kutufunza? Basi niambie wewe, ni nani mwengine aliyetufunza mwaka ule kuwa mtu mzima anastahiki kuambiwa ukweli wa maradhi yanayomuua?

La pili ni sheria. Katika msimu wa pili daktari Rachel, ambaye elimu yake ndiyo tegemeo la wanaadamu wote, anamuua kwa makusudi mtu muovu aliyekuwa mikononi mwao, na kwa kifo hicho tiba inasonga mbele. Muovu kweli alikuwa muovu. Nahodha angeweza kufumba macho, na mimi mtizamaji nilitamani afumbe. Hakufumba, akamweka daktari chini ya ulinzi. Michezo mingapi ya bastola umeiona inayothubutu kusema kuwa hata mtu tusiyeweza kuishi bila yake hana ruhusa ya kuua? Hapo ndipo nilipoziweka kando chuki zangu za magwanda. Mchezo hausemi kuwa mwenye bunduki ana haki. Unasema kuwa mwenye bunduki ndiye wa mwanzo anayepaswa kufungwa kamba na sheria.

Na mwisho wa msimu wa kwanza unathibitisha. Meli inafika Baltimore, watu wanashangilia kuona umeme unawaka na mjini kuna utulivu. Yupo mama mmoja, mtu wa serikali ya zamani, aliyeurudisha utulivu huo. Kisha tunagundua kuwa wanyonge wanauliwa kimya kimya na maiti zao ndizo zinazochomwa kuendesha mitambo. Umeme upo, amani ipo, barabara safi. Mwenye kusema kuwa mchezo huu unaabudu dola ameutizama akiwa amelala.

La tatu ndilo lililo karibu zaidi na moyo wangu. Michezo mingi ya dunia iliyokwisha inatufundisha uongo mmoja: kwamba umeme ukizimika leo, kesho jirani atakuja na panga kuchukua unga wako. Ndiyo sababu niliichukia. Katika sehemu ya nne ya mchezo huu mitambo ya meli inakufa katikati ya bahari, maji yanakwisha, jua linawaka. Nikangoja waanze kuuana. Hawakuuana. Waligawana maji kwa kipimo, wakalaumiana kidogo, wakashughulika mpaka wakatoka.

Nani anajua kuwa huo ndio ukweli kuliko sisi? Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kwa miezi mitatu, kisiwa kizima cha Unguja kilikosa umeme, kwa sababu ya hitilafu kwenye njia ya umeme unaovuka bahari kutoka Bara. Kabla ya hapo, mwaka 2008, tulikaa kiza karibu mwezi mmoja. Pampu zilisimama, mifereji ikakauka. Mahoteli yakawasha majenereta, sisi wengine tukarudi kwenye vibatari na madumu. Nakumbuka foleni za visimani, alfajiri mpaka usiku. Je, tuliuana? Wenye visima majumbani walifungua milango, na wenye jenereta waliwachajia majirani simu. Walikuwepo pia walioongeza bei ya maji bila ya haya, na majina yao mtaani yanajulikana mpaka leo. Lakini kisiwa hakikugeuka msitu. Unguja ilikuwa meli iliyozimika mitambo, na watu wake walibaki kuwa watu. Hakuna aliyetengeneza mchezo juu ya miezi ile mitatu. Ilibidi Mmarekani atengeneze wake, nami nijione humo.

Sitaki nionekane mpumbavu. Najua kuwa jeshi la majini la Marekani lilisaidia utengenezaji na kuruhusu manowari zake zipigwe picha. Wala halikufanya hivyo kwa sadaka. Najua kuwa adui wa mwanzo ni Mrusi, na kwamba katika sehemu ya pili, pale Guantánamo, Waislamu tunaoonyeshwa ni magaidi waliotoroka gerezani. Nilikaa kwenye kiti changu nikaona uchungu, na uchungu huo siutoi. Najua pia kuwa misimu ya mwisho inalegea, risasi nyingi na maneno machache. Lakini aibu ya kitu haifuti uzuri wake. Ukiona doa kwenye kanzu hulichomi joho.

Yupo pia anayesema kuwa kuigiza Kiama ni dhambi. Ami yangu, hicho si Kiama. Kiama cha Mwenyezi Mungu hakibakishi nahodha wala meli. Hii ni tauni, na tauni tunaijua. Kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kiliua maelfu ya watu katika mji huu, na kabla hawajamaliza kulia, kimbunga cha Aprili 1872 kikaangusha mikarafuu ya Unguja na kuzamisha merikebu za Seyyid Barghash. Kisiwa cha Changuu, tunachowapeleka watalii kuwaona makobe, kilikuwa karantini ya wasafiri wa melini. Na tarehe 12 Januari 1964 Sultani Jamshid aliondoka hapa kwa meli yake, Mombasa ikamkatalia kushuka, mpaka alipopokewa Dar es Salaam na kusafirishwa Uingereza. Uwe ulilia siku ile au ulishangilia, dunia fulani ilikwisha asubuhi ile, na meli ikawa baharini inatafuta bandari.

Sisi ndio tuliostahiki kuuelewa mchezo huu kabla ya mwenyewe. Badala yake tunakaa barazani tukiuhukumu kwa jina lake na bendera yake. Huo si uzalendo, ni uvivu.

Nilimpa flashi rafiki yangu mmoja wa Jaws Corner, mwalimu mstaafu, mkali kuliko wote. Nilimwambia maneno ya mpwa wangu: tizama mbili, halafu nitukane. Mpaka leo hajanitukana. Na flashi hajairudisha.