Daftari la Wiki: Watu wa Kamba

JUMAMOSI. Msafiri atokaye Mombasa kwa njia ya barabara, kabla hajavifikia viwanda vya Mto Athi, huviona vilima vya Lukenya vimesimama kando ya njia, navyo kwa kimo si kitu, wala sijapata kusikia mtu aliyesifiwa mjini kwa kuvipanda. Lakini majabali yake ndiyo madrasa ambamo vizazi kadhaa vya wapanda milima wa Nairobi vimejifunza hatua zao za awali. Huko ndiko nilikofuatana asubuhi ya leo na kundi dogo la wanafunzi wa mwanzo, wengi wao vijana wa chuo, pamoja na mama mmoja mwenye duka la vitambaa aliyesema kwamba amechoka kuusikia mlima ukisimuliwa na watoto wake.

Saa nzima ya mwanzo hapana aliyeugusa mwamba. Walikaa kivulini, kila mmoja na kipande chake cha kamba, wakifunga na kufungua fundo la nane, mara wakitazama, mara wamefumba macho. Kijana mmoja, aliyekuwa na haraka ya kupanda kuliko wenziwe, alisimama akasema amemaliza. Mwalimu alilishika fundo lake, akapitisha kidole juu ya kila mkunjo wa kamba asiseme neno, kisha akamwonyesha ncha iliyobaki, ambayo haikuuzidi urefu wa kidole cha shahada. "Fungua, ndugu yangu, uanze tena," akamwambia, na kwa sauti isiyokuwa na ukali hata chembe.

Ulipowadia wakati wa kupanda niliona jambo ambalo, kwa rai yangu, linazidi fundo lenyewe kwa thamani. Kabla mtu hajaunyanyua mguu, mwenziwe atakayemshikia kamba sharti amkague: fundo, kisha bizimu za mkanda wa kiunoni, kisha kufuli ya karabina, kisha kofia ngumu, na akiisha kukaguliwa, naye humkagua mkaguzi wake. Katika hili hapana mkubwa wala mdogo. Mwalimu mwenyewe, ambaye mvi zimemjaa na miaka yake milimani si haba, alisimama mikono pembeni akakaguliwa na binti asiyefika miaka ishirini, na binti, kwa ile haya tuliyofunzwa sote mbele ya wakubwa, akataka kumpitisha kwa kutupa jicho tu. Mzee alikataa kuondoka pale. "Shika kwa mkono, mwanangu," akasema, "macho peke yake hayatoshi."

Nimelifikiri neno hilo mchana kutwa. Sisi tumelelewa katika adabu isemayo kwamba mkubwa hasahihishwi, na adabu hiyo ina mahali pake na heri zake. Lakini ni wangapi, katika karakana, katika vyombo vya baharini, hata katika vyumba vya kupasulia wagonjwa, walioliona kosa la mkubwa kwa macho yao wakanyamaza kwa taadhima, na taadhima ile ikaleta maafa? Pale Lukenya heshima imegeuzwa sura: anayemheshimu mzee ndiye amshikaye mkanda akautikisa. Kwetu pwani nahodha mwema ndivyo alivyokuwa, akimwamuru baharia mdogo kuvuta kila kamba ya tanga mbele yake, na ile aliyoifunga nahodha mwenyewe ikiwamo.

JUMANNE. Klabu iitwayo Mountain Club of Kenya iliasisiwa mwaka 1949, mwaka uleule ambao Mlima Kenya ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na kwa miaka mingi wanachama wake walizoea kukutana jioni za Jumanne katika jengo lao lililo kwenye uwanja wa ndege wa Wilson, wakapanga safari, wakaonyeshana picha, na kubishana juu ya njia ambazo mtu wa kawaida angeziona ni kuta tupu. Mimi si mwanachama, wala magoti yangu hayana raghba hiyo tena. Ila napenda mpango wa ilimu yao, kwa kuwa hauanzi kileleni.

Huanza kwa miguu: matembezi ya Ngong, kuizunguka kasoko ya Longonot, ambao ni mlima wa mita 2,776 tu na bado huwatoa wengi pumzi, kisha nyika za juu za Aberdare, ambako ukungu hushuka ghafula na mtu akatambua kwamba ramani na dira si mapambo ya mkobani. Baada ya hapo huja mwamba wa Lukenya, kisha kuta za Hell's Gate karibu na Naivasha, zilizojengwa na volkano na kupasuka nyufa ndefu za kusimama, ambamo atanguliaye hujifunza kupachika vyuma vyake mwenyewe vya kuizuia kamba, maana huko juu hapana aliyemtangulia kumwekea. Huduma ya kwanza huingia kati. Mlima Kenya ndio wa mwisho.

Na mlima huo una tabia ambayo mtu hawezi kuikisia pasipo kufundishwa. Kwa kuwa umekaa karibu mno na mstari wa Ikweta, jua huugawia mwaka nusu kwa nusu: toka kama Juni hata Septemba huelekea kaskazini, likaukausha uso wa kaskazini hata mwamba ukapandika kwa mikono mitupu, ilhali uso wa kusini umeshikwa na theluji na barafu, kisha Desemba hata Februari mambo hupinduka, kusini kukawa kiangazi na kaskazini kukawa kipupwe, juu ya mlima uleule mmoja. Ndiyo maana mwenye kutaka kukifikia kilele cha Batian, mita 5,199, kwa njia ya kaskazini waliyoifungua Arthur Firmin na Peter Hicks mwaka 1944, hatafuti msimu ule autafutao mwenye kupanda kilele cha Nelion, mita 5,188, kwa njia ya Eric Shipton na Percy Wyn-Harris ya mwaka 1929. Sijui ilimu ya falaki iliyo karibu na maisha ya mtu kuliko hiyo.

Liko somo jingine lisilotaka kamba wala chuma, nalo ndilo lipuuzwalo kuliko yote. Mtu alalaye Nairobi, kwenye kimo cha mita 1,700 hivi, aweza kwa gari na kwa miguu kulala usiku wa kwanza katika kituo cha Met Station kwenye mita 3,050, na usiku wa pili akawa Mackinder's Camp kwenye mita 4,200, na mapafu yake bado yako mjini. Kanuni wafundishayo waalimu ni nyepesi kukariri: ukishavuka mita 3,000, usikipandishe kimo cha malazi yako zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne pumzika mahali pamoja. Kichwa kikiuma na chakula kikakataa, usipande. Ukiona mwenzako anayumba kama mlevi, au anakohoa na kutweta hali amekaa kitako, mteremshe saa ile ile, iwe usiku iwe mvua, wala usingojee apate nafuu, kwa kuwa nafuu iko chini. Vijana wenye vifua vipana ndio wanaosumbuka kulikubali neno hili, wakidhani nguvu za mwili ni kinga. Kumbe nguvu hizo ndizo ziwafikishazo juu upesi kupita kiasi.

JUMATANO. Leo nilizungumza na rafiki yangu juu ya mkasa wa Septemba 1970, ambao wazee wa klabu hawajaacha kuusimulia. Madaktari wawili vijana wa Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walikuwa wameanza kuteremka kutoka kilele cha Batian pale jiwe lilipong'oka na Judmaier akaanguka, mguu ukavunjika mfupa ukatoka nje. Oelz alimhudumia kwa kadiri alivyoweza, kisha akateremka peke yake kutafuta msaada. Waliokwea kumwendea hawakuwa askari wala watumishi wa kulipwa, bali walikuwa watu wa klabu, makarani na waalimu na wahandisi walioziacha kazi zao Nairobi, wakiwa na vifaa vichache na uzoefu mdogo wa kumteremsha majeruhi kutoka mahali pa namna ile. Helikopta iliyokuja kusaidia ilianguka, na rubani wake, Mmarekani Jim Hastings, akafa. Mwisho kikosi cha waokoaji kikaruka kutoka Innsbruck kikaja kuimaliza kazi. Judmaier, aliyelala juu ya mwamba ule kwa muda wa zaidi ya juma, alinusurika.

Rafiki yangu akauliza: je, ile haikuwa aibu ya klabu? Nilimjibu hapana, tena kwa msisitizo. Watu wale walimfikia, wakamlisha, wakamtia dawa, wakakaa naye katika baridi ya mita elfu tano. Pasipo wao, wageni wa Innsbruck wangalikuta maiti. Walichokikosa ni mazoezi ya kazi ile mahususi, na ndiyo sababu mazoezi ya uokozi, kumfunga majeruhi kwenye machela na kumshusha hatua kwa hatua juu ya kamba mbili, yana haki ya kuwamo katika ratiba ya kila klabu, hata ikiwa kwa miaka kumi hapana atakayeyahitaji.

Mwaka huohuo wa 1970, mwanachama mmoja, Ian Howell, alijenga kibanda juu kabisa ya Nelion. Mabati na mbao vilidondoshwa kwa ndege juu ya barafu ya Lewis, naye akavibeba mgongoni kipande kwa kipande, akiukwea mwamba ule peke yake mara 13. Ni kijibanda cha kuingiwa kwa kutambaa. Aliyepatwa na giza katika kilele hicho humwombea mjenzi wake dua bila ya kuulizwa dini.

ALHAMISI. Barafu hiyo ya Lewis, kwa mujibu wa wanasayansi walioipima, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake baina ya mwaka 1934 na 2010. Njia mashuhuri ya barafu, ile ya ufa uitwao Diamond Couloir, iliyopandwa kwa mara ya kwanza mwaka 1973 na Phil Snyder pamoja na Thumbi Mathenge, leo imekonda hata miaka mingine haipandiki. Waalimu wa klabu waliokuwa wakifundisha matumizi ya shoka la barafu hapa nyumbani watalazimika kuwapeleka wanafunzi ng'ambo, au kulifuta somo. Sina la kuongeza.

IJUMAA. Msomaji wa Kisumu ameniandikia kwa maneno ya staha lakini makali, akisema mintarafu ya safu yangu ya juma lililopita kwamba kupanda milima ni anasa ya Wazungu, na kwamba mwandishi wa Kiswahili angefanya vyema kuwaachia wenyewe. Ndugu yangu, niwie radhi, lakini tarehe haziko upande wako. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipoifikia Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mwaka 1889, mmoja wa waliowaongoza katika mlima ule, kama isimuliwavyo, alikuwa Yohani Kinyala Lauwo, mtu wa Marangu. Usiku wa uhuru wa Tanganyika, Desemba 1961, aliyeusimika Mwenge na bendera juu ya Kilimanjaro alikuwa Alexander Nyirenda, ofisa wa jeshi. Na Kenya ilipopata uhuru wake mwaka 1963, Kisoi Munyao aliipandisha bendera juu ya Mlima Kenya. Thumbi Mathenge nimekwisha kumtaja. Mei 2022, James Kagambi, mwalimu wa milima aliyewafundisha wengine kwa miongo kadhaa, alisimama juu ya Everest akiwa na miaka 62.

Na shule ya Outward Bound iliyofunguliwa Loitokitok mwaka 1952, chini ya Kilimanjaro, iliwapitisha vijana wa Afrika Mashariki katika mafunzo ya mlima wakati ambapo klabu nyingi zilikuwa bado ni za watu wa rangi moja. Kwa hiyo msomaji wangu ana haki kuhusu klabu za zamani, na hana haki kuhusu mlima.

Lakini barua yake imenigusa mahali pengine, ambapo hakupakusudia. Wako watu waendao mlimani mara nyingi kuliko mwanachama yeyote, nao ni wapagazi wa Naro Moru, Chogoria na Marangu, wabebao mizigo ya wageni katika baridi ile, aghalabu kwa viatu hafifu na koti la kuazima. Na hao ndio mafunzo haya yawafikiao kwa shida zaidi, kwa kuwa aghalabu hutolewa mjini, kwa Kiingereza, na kwa ada isiyolingana na ujira wa mchukuzi. Mpagazi naye huumwa na kimo kama mgeni wake. Tofauti ni kwamba mgeni ameelezwa dalili kabla ya kuondoka hotelini.

Nawaomba basi viongozi wa klabu, wa Nairobi na wa Moshi kadhalika, watenge kila mwaka kabla ya msimu japo juma moja la mafunzo huko chini ya mlima, kwa Kiswahili, bila ya malipo: dalili za maradhi ya kimo, huduma ya kwanza, fundo la nane na kumteremsha majeruhi. Waalimu wapo, na kamba zipo. Chumba cha kufundishia hakihitajiki, maana mwalimu wa Lukenya alitosheka na kivuli cha mti.