Punda Afe?

Sisi watu wa pwani tuna methali tunayoipenda kuliko inavyostahili: punda afe, mzigo wa bwana ufike. Nimeisikia harusini, nimeisikia kwenye mikutano ya siasa, hata walimu huitumia kuwahimiza watoto wasome. Hakuna anayeshtuka. Mimi nimechoka nayo, na sababu yangu naianzia chini kabisa, kwenye ukwato.

Lamu ni mji wa punda. Katika vichochoro vya mji wa kale gari halipiti, kwa hiyo mchanga, saruji, boriti na mawe ya matumbawe hupanda mjini mgongoni mwa mnyama huyu. Hata zile nyumba za mawe zilizoufanya mji uingizwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2001 hukarabatiwa kwa mizigo ya shogi. Basi simama ufukoni asubuhi jahazi linapopakuliwa. Ukikaa vya kutosha utamwona mmoja anayechechemea, na nyuma yake kijana mwenye fimbo. Muulize punda ana nini. Jibu nimelisikia mara nyingi mno: "Huyu mvivu, ajifanya."

Ajifanya! Punda kwa asili yake huficha maumivu, maana nyikani anayeonyesha udhaifu ndiye anayeliwa kwanza. Akifika hatua ya kuunyanyua mguu mbele za watu, jua amekwisha kuvumilia mengi.

Mara nyingi kinachomtesa ni jipu ndani ya ukwato. Uchafu hupenya penye ufa, au penye tundu la msumari, na usaha ukajikusanya kati ya ganda gumu na nyama hai. Jipu la mkononi huvimba kwa kuwa ngozi hutanuka, ukwato hautanuki. Aliyewahi kutunga usaha chini ya ukucha anaelewa kidogo, ila yeye hakulazimishwa kusimama juu ya ukucha huo na mfuko wa saruji mgongoni. Punda aliyekuwa mzima jana huweza kuamka leo hawezi kabisa kuukanyaga mguu, watu wakadhani umevunjika.

Kulitambua si uganga. Ushike ukwato, uulinganishe na mwenzake: mara nyingi utakuwa na joto zaidi. Weka kidole nyuma ya mguu, juu kidogo ya ukwato, utausikia mshipa ukigonga kwa nguvu. Tabibu wa mifugo au fundi wa kwato huukwangua unyayo kwa kisu mpaka akute alama nyeusi, akaifuata, akatoboa tundu dogo. Usaha hutoka, wenye uvundo, na mara nyingine mnyama hutua mguu hapo hapo. Kisha ni kuuloweka katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi ya haluli, kuufunga kitambaa safi, kumweka pakavu, na kumpumzisha. Wengi hupata nafuu kwa siku moja au mbili, ingawa tundu lenyewe huchukua muda zaidi kupona. Asisahauliwe kinga ya pepopunda. Farasi na punda hushikwa na ugonjwa huo kwa urahisi sana, na lugha yetu yenyewe imembebesha punda hata jina lake.

Badala ya hayo, wako wanaotia chuma motoni wakamchoma begani, eti wanatoa ugonjwa. Usaha uko chini ya mguu, moto unapigwa juu! Sasa ana maumivu mawili. Na usaha usiopewa njia hujitafutia: hupanda mpaka ukapasukia pale ukwato unapokutana na ngozi, na ukienda vibaya hufika mfupani.

Lakini simwachii kijana lawama zote. Niliwahi kukaa jirani na nyumba iliyokuwa ikijengwa, na punda mmoja kati ya waliokuwa wakileta mawe akaanza kuchechemea. Mchukuzi alitaka kumpumzisha. Mwenye kazi akamjibu, mbele yangu, kwamba akisimama leo kesho ataitwa mwingine. Kijana alikuwa analipwa kwa safari; angefanya nini? Yule punda alibeba mawe siku kadhaa zaidi, kisha hakuweza tena, akaachwa jaani. Nyumba ilikwisha, nzuri kweli, na kijana akabaki bila punda na bila kazi.

Wako watakaoniambia: watu wenyewe hawana dawa, wewe watulilia punda? Nawajibu kwamba punda ndiye sahani ya mchukuzi. Siku chache za kumpumzisha ni hasara ndogo kuliko kununua mwingine. Wala kisingizio cha fedha hakitoshi: mwaka 1987 shirika la Uingereza lilifungua Lamu kituo cha kuwatibu punda bila malipo. Sheria nayo ipo. Sura ya 360 ya Sheria za Kenya inahusu ukatili kwa wanyama.

Tulipiga kelele, tena kwa haki, punda walipochinjwa kwa ajili ya ngozi zao. Kenya ilitangaza kuyafunga machinjio hayo mwaka 2020, na Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika wakaikataa biashara hiyo kwa bara zima. Ngozi ikapata watetezi. Ukwato, unaokatwa ovyo au usiokatwa kabisa, wakati unahitaji kutengenezwa kila wiki 6 hadi 10, hauna wa kuusemea.

Kwa hiyo maneno yangu ni kwa wenye kazi, si kwa wenye fimbo. Unayejenga, kabla shogi halijatiwa jiwe la kwanza, agiza miguu minne iinuliwe na kutazamwa. Akionekana mgonjwa, mlipe kijana siku zake za kungoja, na umwahidi kazi yake ataikuta. Mawe yako yatalala ufukoni mpaka wiki ijayo.