Kifua cha Mama Kina Gharama



Mwaka 1978, katika jiji la Bogotá nchini Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na wodi iliyosongamana, ambamo vitanda vya kutia joto havikutosheleza watoto njiti na maambukizo yalienea upesi. Pamoja na mwenzake Héctor Martínez aliwarudisha watoto hao kwa mama zao: mtoto afungwe kifuani, ngozi kwa ngozi, apate joto na maziwa papo hapo. Ndiyo huduma ya kangaruu, ambayo leo imo hata katika hospitali zetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika katika nchi 5, Tanzania ikiwamo, ulionyesha kwamba huduma hiyo ikianza mara mtoto azaliwapo, pasipo kungoja kwanza atengemae, vifo hupungua kwa robo.

Tumshukuru Mungu. Lakini husemwa pia kwamba njia hii haina gharama, nami sikubali. Gharama ipo, ila amebebeshwa mwanamke. Shirika la Afya Duniani laagiza mtoto akae kifuani saa 8 hadi 24 kila siku. Mwenye mzigo huo hawezi kulima, kuteka maji wala kutwanga. Tena hawezi kuachwa peke yake. Muuguzi ndiye amfundishaye kukamua maziwa na kumnywesha kwa kikombe mtoto asiyeweza kunyonya. Ndiye atambuaye usiku kwamba pumzi imekatika. Muuguzi mmoja akiachiwa wodi nzima hadi alfajiri, tusianze kwa kulaumu ukali wa maneno yake.

Mwaka 2025 Bunge la Tanzania lilirekebisha sheria za kazi, ili mwajiriwa aliyejifungua kabla ya wakati aongezewe likizo. Ni haki yake. Je, mama mkulima, na hao ndio wengi katika parokia zetu, ataomba likizo kwa nani? Ataipata kwa mume wake na kwa jumuiya yake, au hataipata kabisa. Jumuiya zetu ndogo ndogo hupeleka sabuni na sukari siku moja, zikasali, zikaondoka. Afadhali zigawane zamu za maji, kuni na palizi mpaka mtoto aongezeke uzito. Na baba naye avue shati: kifua chake kina joto lilelile, wazee wakicheka na wacheke.

Aidha, mlei aliyemo katika kamati ya afya ya kituo aulize: wauguzi wa zamu ya usiku ni wangapi? Mama anayebaki na mtoto wodini ana kitanda na chakula? Kuuliza hivyo si utovu wa adabu. Papa Yohane XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963, alihesabu matibabu miongoni mwa haki za binadamu. Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za kikao, na kikao kifuatacho kianze kwa kuyasoma.